Kubadili giaboksi ya Canter kuukuu: propela ndiyo itakayokuumbua

Mwenye lori la mahindi wa Kibaigwa akikuletea giaboksi ya gia tano iliyotoka kwenye gari jingine, akakwambia "fundi, wewe funga tu," usikimbilie spana. Anza na futi.

Ilaze kando ya ile ya zamani. Hesabu meno ya shafti inayoingia kwenye klachi, pima unene na urefu wake, na uone kama ncha yake inakaa sawasawa kwenye beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Meno yakitofautiana, tafuta klachi pleti yenye upana wa klachi yako na meno ya giaboksi hiyo. Matundu ya bolti nayo yaoane. Mwisho pima kutoka uso unaogusana na injini mpaka flanji ya nyuma, pale propela inapofungwa, kwenye giaboksi zote mbili. Tofauti iandike kwa chaki ukutani.

Kushusha ni kazi ya mabavu tu. Weka mawe kwenye magurudumu, chomoa waya wa betri, mwaga oili, piga alama kwenye flanji ndipo ufungue propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ekseli ya nyuma. Giaboksi ishukie kwenye jeki, si kifuani kwa kijana wako.

Wakati wa kurudisha, iweke pleti katikati kwa kutumia shafti ya giaboksi mbovu yenye meno yaleyale. Mti wa kuchonga nao unafaa. Zikibaki sentimita mbili na imegoma, usiivute kwa bolti, utapasua sikio la giaboksi, pale bolti inapopita. Ingiza gia, zungusha flanji ya nyuma taratibu, meno yatatafutana yenyewe. Wala usiiache ining'inie kwenye pleti ukaenda kunywa chai; pleti itapinda.

Sasa propela. Shusha gari likae kwa matairi yake. Nilipokuwa kijana wa gereji nilipima gari likiwa juu ya stendi, ekseli ya nyuma inaning'inia. Shafti ikaingia vizuri, nikajisifu. Lilipopakiwa magunia, springi zikalala, ekseli ikapanda, shafti ikakosa pa kwenda ikaanza kuisukuma giaboksi. Sili ya nyuma ilitapika oili kabla hatujafika Mbande.

Kwa hiyo: sukuma sehemu ya propela inayoteleza mpaka mwisho, kisha ivute nje kama milimita 25. Hapo ndipo pa kupima, krosi hadi krosi, yaani kiungo cha ncha moja hadi cha ncha nyingine. Kama propela ni ya vipande viwili, fupisha cha mbele kwa ile tofauti ya ukutani (kirefushe kama giaboksi unayoweka ni fupi), cha nyuma usikiguse.

Kukata na kuchomelea mpelekee fundi wa mashine ya kukereza. Kwa jicho huwezi kunyoosha bomba. Mwambie yoki, yaani uma zinazoshika krosi, za ncha mbili za shafti zilale mstari mmoja. Zikipishana, gari litatetemeka hata krosi zikiwa mpya.

Ukishafunga, weka simu yenye programu ya pimamaji kwenye flanji ya giaboksi, halafu ya difu kwenye ekseli ya nyuma. Zisipishane zaidi ya digrii 1. Zikipishana, weka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli.

Jaza oili. Soma daraja la oili kwenye kopo kwanza, maana GL-5 nyingine hula ringi za shaba zilizo ndani ya giaboksi. Mimi hutumia GL-4. Endesha bila mzigo, rudi, lala chini, kaza tena bolti za flanji zote.