SOMO: Kuhamisha Guix kutoka Linux kwenda keneli ya Hurd, na pale panapouma

Wakuu habari za mihangaiko. Wadau wameuliza sana hii ishu ya kuhamisha meneja wa vifurushi (programu inayojenga na kusakinisha programu nyingine) kwenda keneli nyingine (kiini cha mfumo kinachoziunganisha programu na mashine), nachukua mfano ninaoufahamu, meneja anaitwa Guix, anatoka Linux kwenda Hurd, zote Guix na Hurd ni za mradi wa GNU. Wengi wanadhani kazi yote ni kukompaili tu (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), ikikubali umemaliza. Hapana wakuu, shida iko kwenye vile vitu meneja alikuwa anaviazima kwa Linux bila wewe kujua.

Hatua ya 1. Anzia kwenye Linux yako, Hurd bado. Andika:

guix build --target=i586-pc-gnu hello

Hapo Linux inatengeneza programu itakayotumika Hurd, hilo i586-pc-gnu ndo jina la Hurd kwa Guix. hello ni kaprogramu ka kusalimia tu lakini ili kapatikane lazima zijengwe kwanza binutils (vifaa vya kuunganisha programu), GCC (kompaila), MIG (kifaa kinachotengeneza kodi ya mawasiliano ya Mach), heda (mafaili yanayotangaza kazi zilizopo) za GNU Mach, ambayo ni kiini kidogo Hurd inachokaa juu yake, heda za Hurd, halafu glibc (maktaba ya C ambayo karibu kila programu inaitegemea). Na kuna mzunguko humo, glibc inataka heda za Hurd na Hurd yenyewe inataka glibc, kwa hiyo unatoa heda peke yake kwanza, unajenga glibc, ndo unarudi kuijenga Hurd kamili.

Hatua ya 2. Ukigusa vifurushi vingine utakutana na hii:

error: 'PATH_MAX' undeclared

Tafadhali usiandike #define PATH_MAX 4096 ukasonga mbele. Hurd haijaweka kikomo cha urefu wa njia ya faili, ndo maana hilo neno halipo, ila watu wa Linux wameshazoea kutenga nafasi ya ukubwa huo kwenye kodi, char buf[PATH_MAX]. Dawa ni kuiachia glibc itenge nafasi yenyewe, realpath(jina, NULL), ukimaliza unaita free(). Mimi kifurushi kimoja kilinilaza saa nane usiku na mwisho wa siku ilikuwa mistari miwili tu.

Hatua ya 3. Hapa ndo panapouma. Kwenye Linux guix-daemon (programu ya Guix ya nyuma inayofanya ujenzi) inafungia kila ujenzi kwenye chumba chake, hauoni mafaili yako, hauoni mtandao wala programu nyingine, na inafanya hivyo kwa wito wa keneli clone() wenye CLONE_NEWNS, CLONE_NEWNET na CLONE_NEWPID (mafaili, mtandao na programu za kipekee). Hivyo ni vya Linux, Hurd haina. Ukiiwasha guix-daemon na --disable-chroot (bila hicho chumba) inajenga vizuri tu na utafurahi, lakini sikia, jina la kifurushi ndani ya /gnu/store linapigwa hesabu kutokana na viungo vilivyoingia, yaani msimbo wa programu, kompaila na maelekezo ya ujenzi, sio kutokana na kilichotoka. Sasa ujenzi ukichungulia /usr/include (folda ya heda za mashine yenyewe) ukaokota heda ya huko, jina linabaki lile lile la kifurushi kisafi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Hatua ya 4. Jaribu ndani ya mashine ya QEMU (programu inayoiga kompyuta nzima), Guix ina hurd-vm-service-type inayokuwashia Hurd ndani ya Linux. Usiweke kitu kingine humo, mashine ikiwa tupu ujenzi unakosa cha kuokota.

MASWALI

Swali: Mkuu kwanini nisikompaili humo humo ndani ya Hurd tangu mwanzo?
Jibu: Utakompaili na nini ndugu yangu? Kompaila ya kwanza lazima itoke nje, na zile za Linux Hurd haiziendeshi.

Swali: Debian si walishafanya hii kitambo na FreeBSD?
Jibu: Ndio, Debian GNU/kFreeBSD, keneli ya FreeBSD na juu yake glibc na apt (meneja wa vifurushi wa Debian). Ilitoka kama onjo kwenye Debian 6.0 mwaka 2011, toleo la 8 ikakosa nafasi rasmi, 2023 wakaifunga. Hii kazi haina siku ya kuisha, kila programu ikibadilika unarekebisha tena, na mikono ikipungua inakufa.

Swali: Nimejenga na --disable-chroot kwenye mashine ninayoitumia kila siku, naweza kuwagawia wenzangu?
Jibu: Hapana mkuu, nakuomba. Tumia mwenyewe. Kabla ya kugawa futa kila kitu, jenga upya kwenye mashine tupu, halafu jenga tena na guix build --check, zikitofautiana usigawe kwanza mpaka ujue kilichobadilika.