Mzabibu na joto linalozidi: yapi tubadilishe shambani

Mzabibu uliotunzwa vizuri huzaa kwa miaka 30 na zaidi. Mche unaoupanda msimu huu utakutana na jua la miaka mingi ijayo, kwa hiyo nawasihi wakulima tuache kupanda na kupogoa kwa mazoea.

Mabadiliko yenyewe yanaonekana. Huko Beaune, Ufaransa, zipo kumbukumbu za tarehe za mavuno kuanzia mwaka 1354. Tangu 1988, mavuno ya huko huanza wastani wa siku 13 mapema kuliko karne zilizotangulia. Mzabibu huanza kukua hewa ikifika nyuzijoto 10 hivi, na joto likizidi huharakisha kila hatua: kuchipua, kuchanua, hata kuiva.

Kuiva mapema si heri kila mara. Kwenye joto kali sukari hupanda upesi na uchachu hushuka upesi, ilhali rangi na ladha ya ganda hubaki nyuma. Hewa ikipita nyuzijoto 35, zabibu nyekundu hukosa rangi nzuri na majani hupunguza kazi ya kutengeneza chakula. Kwa hiyo usivune kwa kutegemea kipimo cha sukari peke yake. Onja, tafuna ganda, pasua punje uone kama mbegu zimegeuka kahawia. Na uvune alfajiri, kabla vichala havijapata moto.

Jambo ninaloliona likiharibu mazao mengi ni kunyofoa majani. Tulifundishwa kufungua eneo lote la vichala ili hewa ipite, na kwenye baridi na unyevu ushauri huo ni mzuri. Lakini kichala kilicho wazi juani kinaweza kuwa na joto linalozidi la hewa kwa nyuzi 10 au zaidi. Punje huungua, hufanya madoa ya kahawia, kisha husinyaa. Toa majani upande unaopigwa na jua la asubuhi, acha yale ya upande wa alasiri. Kazi hiyo ifanyike mapema, punje zikiwa bado ndogo, zipate kulizoea jua. Usiache kichaka kizito katikati, maana ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, hauhitaji mvua. Kivuli na uvuguvugu vinautosha. Ubwiri vinyoya, ukungu unaoota chini ya majani, ndio unaongoja majani yaliyolowa, hivyo mvua isiyo ya msimu wake ikinyesha, kagua chini ya majani mara moja.

Kuhusu maji, kuna jambo wengi hawalijui. Vichala vya msimu ujao huanza kuumbika ndani ya macho ya matawi wakati mzabibu unachanua msimu huu. Kiu au joto kali wakati huo huangusha maua ya sasa na kupunguza vichala vya mwakani. Mkulima akiniambia vichala ni vichache ingawa mvua ni nzuri, swali langu la kwanza ni hali ya shamba msimu uliopita. Kama maji ni ya kubana, yatunze kwa kipindi cha kuchanua na kufunga matunda. Umwagiliaji wa matone na matandazo mazito chini ya mistari huokoa maji mengi. Karibu na kuiva punguza maji, na usimwagilie ghafla baada ya ukame mrefu, kwa kuwa punje hupasuka.

Penye majira ya baridi, kuchipua mapema kumeleta hatari ya jalidi: Aprili 2021 machipukizi machanga yaliungua katika mashamba mengi ya Ufaransa. Kuchelewesha kupogoa huchelewesha kuchipua kwa siku kadhaa, na siku hizo chache zinaweza kuokoa msimu. Pasipo baridi, kupogoa ndiko kunakoamsha mzabibu, hivyo ni wewe unayechagua. Hesabu miezi kutoka kupogoa hadi kuiva, uivishe nje ya mvua kubwa na joto kali.

Ukipanda upya, tafuta miche iliyobebeshwa (iliyounganishwa) kwenye mashina ya mizizi yanayostahimili ukame, kama 110 Richter au 140 Ruggeri. Aina nazo zifikiriwe: hata Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa lenye kanuni kali, iliruhusu aina sita mpya mwaka 2021, ikiwemo Touriga Nacional. Jaribu aina mpya kwenye mstari mmoja au miwili kwanza, na uandike tarehe ya kuchipua, ya kuchanua na ya kuvuna kila msimu, kando ya zile za aina yako ya zamani.