Gari likikataa kuwaka baada ya kishindo
Gari likigongwa, au hata likitumbukia shimoni kwa kishindo, kisha likakataa kuwaka ilhali stata inazungusha injini kama kawaida, usikimbilie kubadilisha pampu ya mafuta, kwani baadhi ya magari yana swichi ya usalama inayoikatia pampu hiyo umeme. Ndani yake mna gololi ya chuma iliyoshikwa na sumaku katika kikombe chenye umbo la pia. Mshtuko mkubwa huibandua, nayo hupanda ukingoni na kusukuma kibamba kinachokata mkondo. Swichi hurudishwa kwa kubonyeza kitufe cha juu, ambacho huwa kimechomoza. Lakini kwanza, tafadhali, inama uchungulie chini ya gari na unuse: petroli ikiwa inavuja, usikiguse kabisa.