Kupitia Jeshi la Anga la Marekani hadi shirika la ndege

Anza na hesabu ya umri. Ukishapata mabawa (beji ya kufuzu urubani), Jeshi la Anga la Marekani linakudai miaka 10 ya utumishi. Muda wa mafunzo yenyewe haumo humo. Ukihitimu mafunzo na miaka 25, unatoka na 35, na rubani wa shirika hustaafishwa akifika 65.

Lazima uwe raia, uwe na digrii na upate kamisheni ya afisa. Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaweza kujiunga kama askari wa kawaida, lakini afisa hawi mpaka apate uraia.

Faida kubwa ni saa za kuruka: rubani wa jeshi hupata leseni ya ATP (ya rubani wa shirika la ndege) yenye mipaka, inayomtosha msaidizi wa rubani, kwa saa 750 badala ya 1,500.

Chagua ndege kwa makini. Za mizigo na za kujazia mafuta angani hukupa injini nyingi na wafanyakazi wenzako katika chumba cha rubani, kama kwenye shirika. T-38, ndege ya jeti ya mafunzo, ina injini mbili, ila zimebanana katikati. Moja ikizima, ndege haivutwi sana upande, hivyo hujapimwa kwa hali hiyo. Kwa hiyo leseni ya kiraia hugongwa kizuizi cha injini za katikati tu, na itabidi ukafanye mtihani kwenye ndege yenye injini mbawani. Rubani wa helikopta ana kazi zaidi: saa za ndege ya mabawa lazima azitafute, mara nyingi kwa pesa zake.

Usisubiri mwaka wa mwisho. Fanya mtihani wa maandishi wa kubadilisha sifa za kijeshi kuwa leseni ya kiraia mapema, na nakili saa zako.