Kujiandaa na triathloni ndefu ukiwa Kisumu ama Nakuru, na vile utasimama tena siku ikikataa

Kama uko Kisumu, Kakamega, Nakuru ama huko Siaya ndani na umeskia moyo ukikusukuma ufanye triathloni ndefu, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo siku moja, anza na hesabu. Kuna nusu na kuna nzima. Ile nusu ni kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, alafu unakimbia 21.1. Ile nzima ni 3.8, 180 na 42.2, yaani umetoka kwa maji, umeshuka kwa baiskeli, na bado marathoni nzima inakungoja. Mashindano mengi ya ile nzima yanakupa masaa 17 kwa jumla, kuogelea usipite masaa 2 na dakika 20, na baiskeli uwe umeimaliza kabla ya masaa 10 na nusu tangu mlipoanza. Ukichelewa hapo unatolewa, hata kama bado una nguvu.

Sasa siku ya urefu huo haiwezi kwenda sawa yote, kuna kitu lazima kikatae, iwe tumbo, pancha, upepo, misuli ama kichwa. Watu wengi nimeona wanajipanga na ile siku nzuri peke yake, alafu ile mbaya ikifika wanaacha mchezo kabisa, baiskeli inauzwa, na ni watu wenye miguu kabisa. Inaniuma sana hiyo. Ndio maana naamini siku mbaya unaiandaa mapema, ikiwa ndani ya mazoezi yenyewe, usingoje mpaka ikushike ukiwa umechoka na unalia kando ya barabara.

Maji

Huku kwetu kukimbia tunajua na baiskeli tumekua nayo, lakini maji ndio yanaangusha wengi. Ziwa liko hapo tu lakini usiruke ndani vivi hivi. Kuna kichocho, vimelea vyake vinatoka kwa konokono wanaokaa kwa maji yasiyo na kina karibu na majani, hapo hapo ufukoni watu wanapofua na kuoga. Kuna viboko, hasa upande wa Dunga. Na kuna magugumaji, upepo ukigeuka unaamka unakuta ufuo wote umefungwa kijani.

Kwa hivyo msingi wako ujenge kwa bwawa. Hoteli kadhaa mjini zinakubali mtu wa nje alipe ya siku, na asubuhi katikati ya wiki huwa hakuna watu. Shida ya bwawa la hoteli ni ufupi, unafika ukutani kila baada ya muda kidogo na bila kujua unapumzika hapo, kwa hivyo jizoeshe kugeuka bila kusimama, na kila baada ya mikono michache inua macho uangalie mbele kama vile utaangalia boya siku ya mashindano, manake kwa maji wazi hakuna mstari chini wa kukuongoza, na mtu asiyeangalia mbele anaeza ogelea mita mia kadhaa za bure. Jifunze pia kupumua pande zote mbili, mawimbi yakitoka kulia utashukuru.

Ukitaka ziwa lenyewe, ongea na wavuvi na watu wa BMU, ile kamati inayosimamia ufuo, kwanza, wao ndio wanajua viboko wamelala wapi wiki hiyo. Lipia boti ikupeleke mbali na majani, ikae na wewe mwanzo mpaka mwisho, vaa kofia ya rangi kali na uende asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka, mchana maji yanachafuka. Alafu baada ya miezi kama miwili hivi nenda ukapimwe kichocho, dawa yake praziquantel ipo na inafanya kazi, usikae nacho. Mwenye uwezo wa kwenda Mombasa ama Diani siku chache kabla ya mashindano ya baharini, aende, ladha ya chumvi na mawimbi visikukute siku hiyo ndio mara ya kwanza.

Na ile suti nyeusi ya mpira ya kuogelea usiikopee pesa bado. Maji yakizidi joto la digrii 24.5 mashindano mengi ya Ironman, kampuni inayoandaa hizi triathloni ndefu, hayakubali uivae ukitaka kuhesabiwa kwa zawadi za kundi lako la umri, na sehemu nyingi za Afrika maji ni ya joto. Jifunze kubeba miguu yako juu majini wewe mwenyewe, bila suti ya kukuinua.

Barabara

Kwa mtu wa Kisumu, barabara ya kuelekea Ahero ni tambarare, nzuri ya kujifunza kukaa mkao mmoja muda mrefu bila kuacha kukanyaga, lakini malori na matatu ni mengi, toka saa kumi na mbili asubuhi ama mapema kidogo na taa nyuma. Ya Mamboleo kwenda Miwani na Chemelil ina miwa pande zote na upepo wa kutosha, ujihadhari tu na matrekta ya miwa. Ukitaka mlima, panda Riat kutoka Mamboleo mpaka Kiboswa, shuka, panda tena. Mtu wa Nakuru namsihi asifanyie mazoezi kwa ile haiwei ya Salgaa, tumezika watu wengi sana huko, achukue upande wa Mogotio kuelekea Marigat, unashuka kwa joto kali na kurudi ni kupanda, hapo utajifunza yote.

Baiskeli ya mitumba ikikutosha mwili na ikiwa na gia zinazoingia vizuri inatosha kuanza. Cha muhimu kuliko bei yake ni wewe kujua kuitengeneza, manake kwa mashindano hairuhusiwi fundi wala rafiki yako kukusaidia njiani, nje ya wale waliowekwa na waandalizi. Kaa na fundi wako wa mtaa akufundishe kutoa tairi, kubadilisha tyubu na kurudisha cheni, ufanye mpaka mikono izoee. Na usimfuate mtu nyuma karibu ili akukingie upepo, kwa hizi ndefu kuna umbali wa kuacha, mita 12 kwa Ironman, ukikamatwa unasimamishwa dakika kadhaa.

Joto la Kisumu ni zawadi, mtu wa Nakuru aliyezoea baridi ya mita 1,850 juu anafika pwani anashangaa mapigo ya moyo yanapanda na mwendo ni ule ule wa kawaida. Kama mashindano yako ni ya joto, shuka Kisumu ama Mogotio wiki mbili za mwisho ufanye mazoezi mepesi kwa jua.

Kukimbia sitaongea sana. Mara moja kwa wiki shuka kwa baiskeli ukimbie hapo hapo dakika 20 ama 30 ndio miguu izoee ile hali ya kuwa mizito, na siku yenyewe kilomita tano za kwanza uende polepole kuliko vile mwili unakuambia.

Tumbo

Hapa ndipo resi nyingi zinafia. Mwili unaweza kupokea kama gramu 60 mpaka 90 za wanga kwa saa lakini lazima uuzoeshe, hauwezi kuamka siku ya mashindano ukaupa vitu hujawahi kula ukiwa mbioni. Ndizi ya kadiri ina kama gramu 25, soda ya mililita 300 iko karibu 30, sukari nguru unaipata kila soko huku na inaingia haraka. Viazi vitamu vya kuchemsha na chumvi nimeona vikiwasaidia watu kwa baiskeli kuliko zile jeli za sukari za wanariadha. Angalia mapema waandalizi watakuwa wanagawa nini njiani, ujaribu hicho hicho ukiwa mazoezini. Na maji matupu mengi bila chumvi kwa masaa mengi ni hatari ya ukweli, chumvi ya damu inashuka, mtu anachanganyikiwa, kwa hivyo weka chumvi kwa chupa na unywe kulingana na kiu.

Siku mbaya, ukiiandaa kabla

Wiki moja kabla, chukua karatasi uandike malengo matatu. La kwanza ni lile la siku kila kitu kimekubali. La pili ni la siku ya kawaida. La tatu ni lile la siku imeharibika, mfano nimalize kabla ya muda kuisha, ama nitembee kila meza ya maji lakini katikati nikimbie, ama nimalize kuogelea bila hofu hata kama mengine yatakataa. Hili la tatu watu hawaandiki manake wanaona ni kama kujitakia mabaya, lakini bila hilo, lengo la kwanza likikupotea kwa kilomita ya 60 ya baiskeli, kichwa kinakosa cha kushikilia kabisa na bado kuna masaa mengi mbele.

Andika pia mambo yanayoweza kutokea na utafanya nini. Pancha, nitatoka barabarani, nitapumua mara kumi, nitabadilisha. Tumbo limekataa, nitapunguza mwendo, nitaacha vitu vya sukari kwa muda, maji kidogo kidogo, alafu nianze na soda isiyo na gesi. Miguu imeisha, natembea mpaka meza inayofuata na hesabu yangu inaishia hapo kwa meza, sio kwa kilomita 30 zilizobaki.

Na uandike vile vya kukusimamisha: kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu unachomeza, kuhisi baridi na jua linawaka, maumivu ya kifua. Hivyo ukiviona unasimama na unaita watu wa afya. Mwanariadha aliyesimama kwa sababu hiyo amefanya kazi yake vizuri.

Baadaye

Sisi tunaishi kwa nchi ya mabingwa, ukirudi nyumbani swali la kwanza litakuwa "ulikuwa namba ngapi?", kutoka kwa jirani, kwa mjomba, kwa mtu wa boda. Hawana ubaya, ndivyo tunajua mbio. Jiandae na jibu fupi la ukweli, "niliogelea na baiskeli nikamaliza, kukimbia kukanishinda, narudi mwakani", useme ukiangalia mtu usoni. Ukianza kutoa sababu nyingi utachoka zaidi ya resi yenyewe.

Siku tatu za kwanza usichambue kitu. Mwili umepigwa, usingizi umevurugika, na mwili ukiwa hivyo moyo nao unashuka, kwa hivyo hiyo huzuni nusu yake ni uchovu tu. Kula samaki na ugali wako, lala, kaa na watu wanaokupenda. Usifute picha, usiuze baiskeli, na usijisajili mashindano mengine kwa hasira.

Baada ya hapo kaa chini ugawanye siku: maji, kubadilisha nguo na vifaa, baiskeli, kubadilisha tena, kukimbia, chakula. Kila sehemu andika kilichoenda vizuri kwanza, alafu kilichokataa, alafu kama kilikuwa mikononi mwako ama hapana. Upepo haukuwa wako. Kuanza baiskeli kwa kasi kuliko mazoezini kulikuwa kwako. Hapa ndipo triathloni inakupa nafasi ambayo marathoni haikupi, utaona kwamba siku uliyoita mbaya ilikuwa mbaya kuanzia mahali fulani, na kabla ya hapo uliogelea vizuri kuliko maisha yako yote. Hizo dakika za kuogelea ziko kwa matokeo, hata ukiandikiwa DNF, yaani hukumaliza, mwishoni, hakuna anayeweza kuzitoa. Kwa yale yaliyokuwa mikononi mwako chagua moja tu la kurekebisha msimu ujao. Moja.

Ukiskia uko peke yako kwa hii, angalia wakubwa wa mbio. Paula Newby-Fraser, aliyezaliwa Zimbabwe, mwaka 1995 alikuwa anaongoza mashindano ya dunia ya Ironman huko Hawaii, akaanguka karibu kabisa na mstari na akamaliza wa nne, mwaka uliofuata akarudi akashinda taji lake la nane. Jan Frodeno aliyekulia Afrika Kusini alikuwa bingwa wa hayo hayo mara mbili mfululizo, 2017 mgongo ukamkamata akatembea sehemu kubwa ya marathoni lakini akafika, 2018 akakosa kwa jeraha, na 2019 akashinda kwa masaa 7, dakika 51 na sekunde 13. Na wetu wa Nandi, Eliud Kipchoge, London 2020 alimaliza wa nane na watu wakasema amekwisha, 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki na 2022 akakimbia 2:01:09 Berlin. Wote watatu siku mbaya iliwapata mbele ya dunia nzima.

Kuhusu pesa, ongea na wa nyumbani waziwazi. Ada, tiketi na hoteli ni pesa ya familia ama ya chama, na aibu ya kuitumia "bure" inakula watu kimyakimya kuliko hata matokeo. Waonyeshe ile karatasi, mpange pamoja kama kuna mwaka mwingine. Na kama wiki kadhaa zimepita bado hulali, hutaki watu, hutaki hata kuona viatu, nenda uongee na daktari ama mshauri, hapo imeshapita mambo ya michezo.

Mazoezi rudi nayo mepesi, wiki mbili za kuogelea na kuzungusha miguu kwa baiskeli baada ya nusu, ndefu zaidi baada ya ile nzima. Mashindano ya kurudi nayo yawe madogo na ya karibu, hata nusu marathoni ya mjini ama mpange na marafiki kuogelea bwawani, baiskeli mpaka Ahero na kurudi, alafu kilomita kumi. Ukiskia hamu imerudi hapo ndipo uangalie tena ile nusu. Rwanda walianza kuwa na Ironman 70.3 mwaka 2022 huko Rubavu, Ziwa Kivu, na kutoka Kisumu unafika kwa basi kupitia Uganda, baiskeli yako ikiwa imefungwa kwa boksi, kwa hivyo angalia tarehe za mwaka unaotaka kwenda mapema na uhesabu miezi sita nyuma kabla ulipe ada.