Pete ikianza kunasa nguo, ipeleke kwa sonara
Jamani wenye pete za mawe, hebu ivueni sasa hivi muiangalie, dakika moja tu. Ishike karibu na sikio halafu igonge gonge taratibu kwa kidole, ukisikia kitu kinacheza ndani ujue jiwe limelegea, na hapo usiivae tena hata kama unaona bado limekaa vizuri, iweke kwenye kimfuko kidogo hadi siku ya kwenda kwa sonara ili jiwe likichomoka lisipotee. Dalili nyingine ni pete kunasa nasa sweta au nywele, maana yake vile vikucha vinavyoshika jiwe kimoja kimeinuka au kimelika, na kikikatika kimoja vingine vinabeba mzigo wote.

Geuza pia uangalie upande wa kiganjani, huko ndo dhahabu inalika sana kwa sababu ya kushika vitu kila siku, ukiona pamekuwa pembamba kuliko juu, au kuna kaufa (hasa pale ilipowahi kuungwa ikiongezwa saizi) peleka mapema kabla haijakatika.

Na tafadhali sana msitie supagluu wala kukunja vikucha kwa koleo nyumbani, gluu inamuongezea fundi kazi ya kuisafisha kwanza, na koleo inaweza kupasua jiwe kabisa. Ila dhahabu nyeupe ikianza kuwa ya njano njano usiogope, mara nyingi ni ile rangi ya juu ya rodiamu (madini meupe yanayong'aa) imeisha, inapakwa tena.