Jinsi ya kujua kitu kimesogea ama macho yanakudanganya tu

Sikizeni, jicho halijui kitu kiko wapi hivi hivi, lataka kulinganisha na kitu kingine, ukishaelewa hapo kazi imebaki ndogo. Nenda pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, utafute meli iko mbali kule nje, ukiitizama na maji matupu pande zote utakaa weee hujui yaenda ama imetia nanga. Sasa egemea ukuta usitikisike, funga jicho moja, linganisha pua ya meli na ukingo wa nguzo (mnazi usitumie, una upepo) halafu ngoja dakika moja hivi. Ukiona pua na nguzo zimeachana basi hiyo yatembea. Jicho ni moja tu na usibadilishe katikati, manake kila jicho laona kutoka mahali pake, ukibadilisha meli itaruka na haijaenda popote.

Usiku ndo balaa zaidi. Taa moja kwenye giza tupu ukiikazia macho yaanza kuchezacheza yenyewe, hata marubani wanafundishwa wasiiamini, kwa hiyo hapo pia tafuta ukuta ama nguzo ya kuilinganisha nayo.

Kwa wale wa mashua: ukitia nanga chagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, kimoja mbele kimoja nyuma, tuseme mbuyu na mnara wa msikiti. Vikiachana, nanga yaburura ama mashua imezunguka na maji, angalia haraka. Na chagua jozi nyingine upande mwingine kabisa, kwa sababu ukisogea kufuata mstari wa ile jozi ya kwanza haitakwambia kitu. Cha mbele na cha nyuma vikiwa vimeachana mbali sana, ndo vyaonyesha upesi.

Na hili tafadhali mfundisheni kila kijana anayeanza kushika usukani: chombo kingine kikija, ukiwa waenda mwendo ule ule na njia ile ile, kilinganishe na nguzo ya mashua yako, kichwa chako kikae pahali pamoja. Kikirudi kutoka kwa nguzo kuelekea nyuma ya mashua yako kitapita nyuma yako, kikienda kuelekea mbele ya mashua kitapita mbele. Kikikaa palepale huku chazidi kuwa kikubwa, hicho mwagongana, na ndicho jicho huona kama kimesimama tu! Punguza mwendo ama kata kona mapema, tena kona kubwa, yule mwenzako naye aone umegeuka.